Mama anasahau, usiku haoni choo. Nianzie wapi hapa ndani?

Dada wa Mbagala: Wakuu habari za saa hizi. Nina mama yangu ana miaka 74, nimemtoa Korogwe nipo nae hapa Mbagala, hospitali wamesema ni dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Usiku anaamka anatafuta choo anaishia stoo, juzi kajisaidia kwenye beseni la vitunguu. Jana sasa ndo nimeogopa, narudi nakuta gesi inatoka shiii jiko halijawashwa na yeye kakaa pembeni anachagua mchele. Nyumba ya kupanga, siwezi kubomoa kitu. Naombeni ushauri jamani

Bint Pangani: Pole mdogo wangu. Gesi ni leo leo, ukimaliza kupika funga kwenye mtungi, regyuleta ing'oe uifiche. Choo usiku mlango uwe wazi na taa iwake, akikaa kitandani akione. Sisi bibi tulimtundikia kipande cha kanga nyekundu mlangoni maana kusoma hajui tangu zamani, hayo maandishi ya CHOO yangemsaidia nini

mzee wa kona: Komeo la geti hamishia juu kabisa, wengi hawatafuti huko. Ila usije ukamfungia peke yake ukaenda kazini, moto ukitokea je? Namba yako ya simu mshonee kwenye nguo, mkoba atauacha. Na vijana wa bodaboda kijiweni wamjue sura, mzee wangu walimrudisha mara mbili, mara ya pili anadai anaenda kazini na alistaafu zamani sana

Bint Pangani: Nimesahau, zulia jeusi mlangoni toa, wengine wanaliona shimo. Na vioo angalia

Dada wa Mbagala: Dah vioo!! Bafuni kipo kikubwa, na wiki ya pili hii anagoma kuoga, anasema kuna mama mmoja mule ndani anamtolea macho. Mi nikajua majini, nishampigia mpaka shehe 😅

mzee wa kona: 😂😂 shehe mwache kwanza, funika kioo. Halafu hii ya usiku ikimzidi ghafla mpeleke akapime mkojo, UTI kwa wazee inawachanganya balaa

Dada wa Mbagala: Nimeshatundika kitenge. Maji ya moto yapo jikoni, ngoja nimuite