Una saa moja tu ya Robin of Sherwood: The King's Fool au The Greatest Enemy?

Mwalimu_Ukumbi
Wakuu, salaam. Klabu ya filamu ya kidato cha tatu imepewa dakika 80, mazungumzo yakiwa humo humo. Tamthilia imeshachaguliwa: Robin of Sherwood, ile ya televisheni ya Uingereza, ITV, ya 1984 hadi 1986, juu ya Robin Hood na kundi lake la waasi wa msituni. Kinachobishaniwa ni episodi. Nimebaki na mbili: The King's Fool inayofunga msimu wa kwanza, na The Greatest Enemy inayofunga wa pili. Kila moja ni dakika 50 hivi. Wanafunzi hawajaona chochote cha nyuma. Nipeni hoja, msiniambie "zote kali".

Kigumba
The King's Fool. Inajitegemea. Hata asiyemjua Marion, mpenzi wa Robin, wala Sherifu wa Nottingham, adui yake, anashika mambo mapema: mfalme Richard wa Uingereza anapita msituni bila kujulikana, anavamiwa, Robin na wenzake wanamwokoa, naye anawasamehe na kuwachukua Nottingham. Kuanzia hapo mtazamaji anaanza kunusa kitu kabla Robin hajanusa. Mfalme anataka fedha za vita vya Normandy, milki yake huko Ufaransa, na fedha hizo zitakamuliwa kwa wakulima wale wale. Wenzake Robin wanaanza kumkimbia, yeye bado anashangilia msamaha. John Rhys-Davies anamfanya Richard kuwa mcheshi, mwenye mikono ya kukumbatia, na ndiyo maana anatisha. Na "fool" ni mchekeshaji, pia ni mpumbavu: jina la episodi halimsemi mchekeshaji wa mfalme. Linamsema Robin.

Na historia yake inashikika. Richard wa kweli alikamatwa karibu na Vienna Desemba 1192. Fidia ilikuwa marki 150,000, akaachiwa Februari 1194. Machi 25 alianza kuizingira ngome ya Nottingham iliyoshikwa na watu wa mdogo wake John, ikasalimu amri tarehe 28, na kesho yake akaenda kuutazama msitu wa Sherwood. Mei 12 akavuka kwenda Normandy, asirudi tena. Alikaa Uingereza siku 60 tu. Waandishi wa tamthilia hawakuhitaji kumsingizia.

podo_tupu
Mkuu Kigumba, hoja yako ni ya mwalimu wa historia. Klabu ni ya filamu. (Asiyetaka kujua mwisho auruke ujumbe huu.)

The Greatest Enemy ina kitu ambacho The King's Fool haina: mahali pamoja, mtu mmoja, na hesabu inayoisha mbele ya macho yako. Robin, Marion na Much, kijana wa kundi lao, wamebanwa. Robin anawatoa wale wawili, yeye anabaki kilimani askari wakikizunguka. Anapiga mshale wa mwisho, kisha anauvunja upinde wake.

Wafundishe wanafunzi kuitazama hesabu hiyo. Mafungu ya mishale ya Kiingereza yalihesabiwa kwa 24. Mpigaji mzoefu wa upinde mrefu anatoa mishale 10 hivi kwa dakika akiharakisha. Kwa hiyo podo lililojaa linakwisha chini ya dakika mbili na nusu. Upinde wa kufyatua, ule wenye kitako kama bunduki, unatoa miwili kwa dakika: unaingiza mguu kwenye kikuku cha chuma mbele, unainama, unanasa upote kwa kulabu ya mkanda wa kiunoni, unanyanyuka nao mpaka unase kwenye kifyatulio, ndipo unaweka kishale. Mtu mmoja kwa mmoja, Robin anashinda. Lakini askari wakiwa 20 wanapokezana: hawa wanapakia, wale wanalenga. Wala hawana haja ya kupanda. Wanasubiri podo liishe.

fundi_mishale
Hesabu sawa, ila kuna kasoro mbili ambazo mwanafunzi mkali atauliza.

Kwanza, upinde mrefu wa kivita hauvunjwi kirahisi kwa mikono. Tunao ushahidi: meli ya kivita ya Kiingereza, Mary Rose, ilizama 1545, ikainuliwa 1982, na ndani yake zimetoka pinde nzima 137 na mishale zaidi ya 3,000. Urefu wake ni karibu mita 2, na nguvu ya kuvuta imekadiriwa kati ya kilo 45 na 84. Ni mti wa yew: upande unaotazama tumbo la mpigaji ni moyo wa mti, unaovumilia kubanwa, upande wa nje ni ule ubao mweupe chini ya gome, unaovumilia kuvutwa. Mti mmoja, kazi mbili. Kitu cha namna hiyo chenye unene wa karibu sentimita 3 na nusu mkononi, ukikipiga gotini litakalovunjika ni goti.

Pili, pinde za kwenye tamthilia yoyote ni nyepesi, kwa sababu mwigizaji anarudia tukio mara nyingi na hana misuli ya kazi hiyo. Utaijua kwa bega: mwenye upinde wa kilo 15 anavuta kwa mkono na kukaa amelenga huku anaongea. Mwenye upinde wa kilo 60 anauingia kwa mgongo mzima, akifika mwisho anaachia papo hapo. Ukiona mtu amevuta na anatoa maelezo, huo ni mzaha.

Na kama klabu itaigiza baadaye: wasiuvute upinde na kuuachia bila mshale. Nguvu ambayo ingebebwa na mshale inarudi kwenye mbao, na mbao hupasuka karibu na uso. Wa kuvunja jukwaani uwe fimbo kavu isiyo na upote, imekatwa kwa msumeno theluthi mbili ya unene upande wa ndani, ufa ukafunikwa kwa ukanda wa kitambaa cha rangi ya mti. Ukikata upande wa nje, ufa unafunguka mtu anapoukunja kidogo tu na watazamaji wanauona kabla ya wakati.

Kigumba
Fundi amesema kweli, ila kuvunja upinde pale hakuhitaji goti. Inatosha tujue kwamba Robin hataki kumwachia Sherifu upinde wake. Nakubali tukio lenyewe halina mfano. Ninachopinga ni kumpa mtoto mazishi ya mtu asiyemjua.

Mkanda
Hapo ndipo penyewe. Kifo kile kinabeba uzito wa episodi zote kabla yake. Herne, yule mlinzi wa msitu mwenye pembe za kulungu, amemchagua Robin wa Loxley, amempa upanga wa Albion, tumekaa naye misimu miwili. Ukiikata ikasimama peke yake, unabaki na kijana mzuri wa sura anayekufa kilimani.

Halafu kuna mtu aliyejifunika kofia anayetokea baada ya kifo na kuwakomboa wenzake. Hatuambiwi ni nani. Watazamaji wa Aprili 1985 walisubiri mwaka mzima, hadi Herne's Son ya Aprili 1986, kumjua: Robert wa Huntingdon, mtoto wa kabaila, aliyechezwa na Jason Connery. Michael Praed alikuwa ameondoka kwenda Marekani kucheza jukwaani Broadway. Mwandishi, Richard Carpenter, badala ya kubadilisha sura na kujifanya hakuna kilichotokea, alitumia ukweli kwamba hadithi yenyewe ina akina Robin wawili, mmoja wa Loxley na mwingine bwana mkubwa wa Huntingdon. Akamwua wa kwanza ili wa pili aingie. Nadhani hakuna tamthilia iliyotatua tatizo la mwigizaji kuondoka kwa usafi zaidi. Lakini usafi huo hauonekani ndani ya dakika 50.

Mama Vitabu
Niongeze kwa hapo alipoishia Mkanda, maana wengi hudhani Robin na Richard ni chanda na pete tangu zamani. Sivyo. Katika tungo ndefu ya zamani kabisa iliyochapwa juu yake, miaka ya karibu na 1500, mfalme anaitwa Edward, na Robin anakaa zaidi Barnsdale, Yorkshire. John Major, mwanahistoria wa Scotland, ndiye aliyemweka enzi ya Richard katika kitabu chake cha 1521. Ukabaila wa Huntingdon ulitoka kwa Anthony Munday, kwenye tamthilia zake za jukwaani za 1598. Na Herne si wa Sherwood hata kidogo: ni wa msitu wa Windsor, tunamkuta kwa Shakespeare. Carpenter amemhamisha, na amefanya vizuri.

Utamu mwingine: David, Earl (yaani kabaila) wa Huntingdon wa kweli, alikuwa miongoni mwa walioizingira Nottingham mwaka huo huo wa 1194. Kwa hiyo baba wa Robin wa pili na mfalme wa The King's Fool walikuwa kambi moja.

podo_tupu
Mama Vitabu, asante, hilo la David sikulijua. Basi chukueni na hili: Richard aliyemfanya Robin mpumbavu aliuawa kwa kishale cha upinde wa kufyatua. Châlus, Machi 26, 1199, kilimpata begani, jeraha likaoza, akafa Aprili 6. Silaha ile ile inayommaliza Robin kilimani. Mtaguso wa pili wa Laterano, mkutano mkuu wa Kanisa wa 1139, ulikuwa umekataza kuitumia dhidi ya Wakristo. Nani alisikiliza?

fundi_mishale
Kwa wanafunzi wa huku kuna daraja la karibu. Waata wa Tsavo, walioitwa Waliangulu, walivuta pinde za zaidi ya kilo 45 kuwinda tembo, yaani uzito wa upinde mrefu wa Kiingereza. Tsavo ikatangazwa hifadhi 1948, na mwindaji akalala mwindaji akaamka jangili. Sheria ya misitu ya wafalme wa Uingereza ilifanya vivyo hivyo kwa kulungu. Hadi Hati ya Msitu ya 1217 ndipo ikaandikwa kwamba mtu asiuawe wala asikatwe kiungo kwa sababu ya mnyama wa mfalme. Swali hilo linaingia kwenye episodi yoyote kati ya hizo mbili.

Kigumba
Na waambie wamwangalie Nasir, Mwislamu wa kundi la Robin. Alipangiwa kufa mwanzoni kabisa kama mtumishi wa adui, Mark Ryan akapendwa kazini, akabaki hadi mwisho. Mapanga mawili, maneno machache. Filamu ya Robin ya 1991 nayo ikaweka Mwislamu kwenye kundi, na leo watu wanadhani ni mila ya kale. Jina lake watalielewa bila kamusi: ni mzizi wa kunusuru.

Mwalimu_Ukumbi
Nimeshawishika. Itakuwa The King's Fool nzima, kisha niwaonyeshe dakika 8 za mwisho za The Greatest Enemy?

Mkanda
Usifanye hivyo, mkuu. Ukionyesha kilima bila kilichotangulia umeuchoma mwisho na hujapata faida yake. Watakaopenda watajitafutia msimu wa pili, na utakuwa umewaharibia. Dakika 5 za utangulizi: nani ni Sherifu, nani ni Gisburne msaidizi wake, mfalme alikuwa wapi. Dakika 50 za episodi. Zinabaki 25 za kuongea. Simamisha mara moja tu, pale wenzake Robin wanapogawanyika, uulize nani ana haki. Usisimamishe baada ya hapo.

podo_tupu
Nimeshindwa kwa hoja, si kwa moyo.

Mwalimu_Ukumbi
Sawa, imepita. La mwisho: nikiagiza diski Uingereza, deki ya shule itasoma?

Mkanda
Inategemea. DVD hufungwa kwa maeneo ya dunia, yaani kanda: za Uingereza ni kanda ya 2, sisi Afrika Mashariki tuko kanda ya 5. Deki iliyofungwa itakuandikia kosa la kanda na kutema diski. Nyingi za bei rahisi zimefunguliwa tayari, ijaribu kwa diski yoyote ya kanda ya 2 kabla ya kulipa. Blu-ray ni nafuu: Afrika na Ulaya tuko pamoja kwenye B, angalia herufi hiyo mgongoni mwa kasha. Za Marekani ni A, usiziguse. Tena picha ilipigwa kwenye filamu ya milimita 16 kwa umbo la 4:3, kwa hiyo projekta isipanuliwe kujaza ukuta. Ukiipanua, Little John anakuwa mnene na mfupi.