Eti nilale sebuleni na mfuko wa mkaa!

Wakuu, nimetoka kwake sasa hivi, naandika mikono inatetemeka, msinirekebishe herufi.

Mnamjua. Sitaji jina, ila kama unakaa Reading, hapa Uingereza, na umewahi kuchangishwa chochote, harusi, msiba, arobaini, daftari analo yeye. Sasa kajipa na uenyekiti wa safari yetu ya ufukweni ya Agosti. Tumekaa kupanga, shemeji yangu yupo, wake za watu wapo, na yule dada mgeni wa Slough (mnanielewa) yupo. Jamaa anagawa vyumba vya karavani (ile nyumba ya likizo ya kukodi) kama anagawa viwanja Dodoma. Kafika kwangu, hata macho hakuinua: "Wewe si huna familia? Utalala sebuleni na mfuko wa mkaa."

Na mfuko wa mkaa, jamani! Watu wamecheka mpaka chai ikawatoka puani. Dada wa Slough kacheka kuliko wote.

Karavani yenyewe imeandikwa ya watu 8. Hesabu vitanda vya kweli, ni 6. Hao wawili waliobaki ni kochi la kuvuta, na saa 12 asubuhi watoto wanakukalia kichwani wanataka katuni. Pauni 120 nimelipa sawa na wenye vyumba. Na gari la viti saba litakalowabeba ni la nani? La mwenzake mkaa.

Tena huko kwenyewe ni Weston-super-Mare! Mimi mtoto wa Tanga napelekwa kuangalia bahari inayotoroka. Upande ule maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 10. Yakishuka, mbele yako ni tope tu, na vibao vya kukukataza usiingie maana utanasa. Nikasema basi twende pwani ya Dorset. Kanijibu: "Mwenye mkaa hachagui." Karudia! Mara ya pili, mbele ya dada wa watu!

Kidumu cha Dizeli: Mkuu, povu lote hili ni la mkaa au la dada wa Slough?

Chapati Nne: Mkaa afadhali, unawaka. Wewe miaka 39 hata moshi hatujauona 😂

Mleta uzi: Nina 36. Na sijaomba ushauri wa ndoa.

Bi Mkubwa wa Leeds: Pole mwanangu, ila kochi ni neema. Mimi wakwe walinipeleka Brighton, nikabeba na mkeka wangu wa Pemba. Kufika, ufuko mzima kokoto! Siku nzima nageuzwa kama samaki wa kupaka.

Ukoko: Brighton mnalalamika nini? Mimi St Ives shakwe kanipora samaki mkononi. Pauni 14! Kaniachia limau.

Mwarabu Koko: Weston pale ufukweni kuna punda wa kulipia. Mtu wa Lamu mimi, nimepanga foleni nimpande punda kwa hela. Kaniangalia, naapa kanijua.

Mzee wa Kanzu: Nyie hamjakatiza shamba la watu Cotswolds. Mwenyeji kasema njia hii ya miguu ni ya umma, sheria inaruhusu. Ng'ombe hawajaisoma. Nimeruka ukuta wa mawe na kanzu.

Kidumu cha Dizeli: Weka picha ya ukuta.

Bi Mkubwa wa Leeds: Na zile skoni zao? Devon wanatanguliza krimu, Cornwall wanatanguliza jemu. Nikakoroga vyote pamoja, mwenye mgahawa akanuna kama nimemtukania mama yake.

Chapati Nne: Skoni ndiyo nini?

Ukoko: Andazi lililonyimwa iliki.

Mzee wa Kanzu: Usilitukane andazi.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. MKAA!

Mwarabu Koko: Haya, mkaa wenyewe wa aina gani? Kama ni ule wa vitufe, mtakula usiku wa manane, hauwaki haraka.

Mleta uzi: Sijui. Sijauangalia.

Mwarabu Koko: Na ndiye mtalala naye! Chukua wa vipande vya mti, unashika upesi.

Bi Mkubwa wa Leeds: Wa vitufe unakaa na moto. Kwa mishikaki changanya.

Kidumu cha Dizeli: Huo wa mti Luton unapatikana wapi?

Mwarabu Koko: Ninao mifuko mitatu gereji. Njoo PM.

Kidumu cha Dizeli: Niwekee miwili, Jumamosi napita.