Mafundi wa waya Mombasa, pimeni kwanza kabla hamjakata!

Waungwana, naandika nikiwa na hasira na sitaki kungoja zipoe.

Gari ni Land Rover Series III ya 1978, alilotuachia marehemu baba. Tatizo lilikuwa dogo. Taa kubwa ya kushoto ilififia, nikiweka fulu, yaani mwanga mkali wa mbali, inageuka manjano kama koroboi. Nikiwasha indiketa ya upande huo, taa ndogo nayo inapepesa pamoja nayo. Ya kulia haina neno. Fundi yeyote wa umeme wa magari akisikia habari hiyo aende kwenye athi kwanza, yaani waya wa kurudisha umeme betri kupitia chuma cha gari, kwa sababu umeme ukikosa njia ya kurudi betri hujipenyeza kupitia balbu nyengine ili utoke. Ndiyo maana taa moja inachezeshwa na ya mwenzake.

Nikalipeleka kwa fundi wa waya Changamwe. Jina silitaji. Akainama mara moja mbele ya grili, akainuka. "Mzee wangu, nyaya hizi zishachoka, gari la zamani hili." Testa hakutoa. Mita ya kupimia umeme hana. Nikaenda kuswali adhuhuri, narudi nakuta ameshakata nyaya zote za taa kuanzia kwenye grili mpaka chini ya usukani, ameziviringisha kama takataka, na pahali pake amepitisha waya mwekundu. Fulu mwekundu, dimu (mwanga wa chini) mwekundu, athi mwekundu. Athi, jamani!

Nyaya zile zilikuwa nzima. Waingereza waliounda magari haya walizipa rangi kwa mpango: kahawia inatoka betri, bluu tupu inatoka kwenye swichi ya taa kwenda swichi ya dimu, bluu yenye mstari mweupe ni fulu, bluu yenye mstari mwekundu ni dimu, nyeusi ni athi. Baba alinifundisha rangi hizo nikiwa namshikia tochi, hata sijaanza kunyoa ndevu. Ukizijua unaweza kufuata hitilafu usiku, njiani, peke yako. Leo nikifungua boneti naona nyekundu tupu, na fundi atakayekuja baada yake hana la kufanya ila kubahatisha.

Baada ya kukata kote huko taa ya kushoto ikawa vile vile. Unajua alifanya nini? Akaniwekea balbu za wati 100. Balbu mbili za wati 60 kwenye volti 12 zinavuta ampea 10. Mbili za wati 100 zinataka zaidi ya 16. Na Series III haina rilei ya taa, ile swichi ya sumaku inayobeba umeme mwingi badala ya swichi ya usukani, basi umeme wote huo unapita ndani ya swichi yenyewe, vile vipande vidogo vya shaba vya zaidi ya miaka 40. Nikamuuliza kuhusu fyuzi, akanijibu, "Hiyo haina shida." Nikamlipa shilingi 7,500.

Siku tatu baadaye natoka Kilifi usiku, mama yangu yuko kando yangu. Kabla ya kufika daraja la Mtwapa nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, moshi ukatoka kwenye usukani, na taa zote mbili zikazimika pamoja. Lori linakuja mbele, bodaboda isiyo na taa iko ubavuni, mimi sioni hata ukingo wa barabara. Mama akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Mungu alitustiri nikateremka kando, nikachomoa betri kabla moto haujashika.

Asubuhi nikaazima mita ya jirani nikafanya mwenyewe kazi niliyolipia. Swichi ya dimu imeyeyuka, basi nikavuta waya wenye fyuzi kutoka betri moja kwa moja hadi taa ya kushoto. Taa ikiwa inawaka, ncha moja ya mita nikaiweka kwenye hasi ya betri na nyengine kwenye athi ya taa. Hapo inatakiwa isome karibu na sifuri. Ilisoma volti 2.8. Karibu volti tatu zinapotelea kwenye bolti moja! Na waya wake mpya mwekundu ameufunga papo hapo, kwenye bolti ile ile yenye kutu.

Bodi ya Land Rover ni alumini, bolti na fremu ni chuma. Zikikutana kwenye hewa ya chumvi kama hii yetu, pale zinapogusana hutoka unga mweupe, na unga huo haupitishi umeme. Mtu anayetengeneza magari Mombasa anauona kila siku ya Mungu. Nikafungua bolti, nikapiga msasa mpaka ikang'aa, nikaongeza waya mweusi wa athi mpaka kwenye fremu, nikapaka grisi. Dakika 20. Taa ikawaka nyeupe, sawa na ya kulia.

Sasa nimerudisha balbu za wati 60, na nafunga rilei mbili, ya fulu na ya dimu: mguu wa rilei wenye namba 30 kutoka betri kupitia fyuzi, 87 kwenda taani, 86 kwenye waya wa swichi, 85 athi. Swichi itabaki na kazi ya kuamsha rilei tu.

Nimempigia simu yule fundi. Ananiambia ninunue swichi nimpelekee, atanifungia "bei ya urafiki". Urafiki gani, na mama yangu nusura afe barabarani? Jumatatu nakwenda kwake na mfuko wa nyaya alizozikata, nataka 7,500 zangu na thamani ya swichi. Nyaya zenyewe nitaziunga upya, rangi kwa rangi, hata ikinichukua mwezi.

Mwenye swichi ya dimu ya Series III, hata ikiwa kuukuu mradi shaba zake nzima, aniandikie hapa. Nitaifuata popote, kuanzia Likoni mpaka Malindi.