Goldfish wa marehemu baba ana madoa meupe, nimemtenga lakini yamerudi, naomba ushauri

NyarMilimani
Wadau hamjambo. Niko Kisumu. Nina goldfish wa baba yangu, baba alituacha Novemba na huyu samaki ndiye alikuwa anamsalimia kila asubuhi akinywa chai, ako na miaka 9 kwa nyumba yetu. Wiki mbili sasa ametokwa na madoa meupe kama amenyunyiziwa chumvi, nikamtoa kwa tenki nikamweka beseni peke yake na ile dawa ya bluu. Siku ya tatu madoa yakaisha, nikamshukuru Mungu nikamrudisha. Hazijaisha siku tano yamerudi maradufu. Jana usiku nimehesabu na tochi ya simu, 14 kwa mkia peke yake. Nimemrudisha beseni, amelala chini amebana mapezi, akishtuka anajisugua kwa ukingo. Niongeze dawa ama nianze nyingine? Nisaidieni tafadhali, sijalala.

MamaMinji_Nakuru
Pole sana dada, pole kwa mzee pia. Mimi nilikuwa na watatu hapa Section 58, stima ikapotea usiku kucha pampu ikanyamaza na mimi nimelala, asubuhi wote wako juu ya maji. Mpaka leo nikisikia transfoma imelia naamka. Huyo mchemshie minji, toa ganda, umpe punje moja, tumbo likifunguka mengine yanajipanga.

FundiTenki
Tumbo halina shida mama. Dada nijibu haya: beseni ni lita ngapi, maji unatoa wapi, unabadilisha kiasi gani, na kwa tenki kubwa kuna nani mwingine?

NyarMilimani
Lita 20. Maji ya mfereji, nabadilisha yote kila asubuhi ndio akae pasafi. Jana pia nilimwaga kapsuli moja ya tetrasaiklini ya chemisti.

KondeleOriginal
Samaki wa miaka 9 hapa Kisumu bila kuona ugali, huyo ana bahati kuliko wengi wetu 😂

MwalimuKakamega
Kijana, hicho ni kitu cha marehemu, heshimu. Lakini dada nami nikuulize kwa upole, kiumbe kuzungushwa kwa kioo miaka yote hiyo ni haki kweli? Sisi tulilelewa tukijua samaki ni wa mto. Watu wa siku hizi tunafuga vitu kwa ajili ya macho tu.

FundiTenki
Mwalimu hiyo tuiongee siku nyingine, saa hii kuna mgonjwa. Dada, maji ya mfereji yana klorini, ukimtia moja kwa moja unamchoma matamvua na ndio maana amelala chini. Chota jioni, acha ndoo wazi na pampu itoe mapovu mpaka kesho yake, halafu badilisha robo ama nusu, sio yote. Kapsuli wacha kabisa, hiyo ni ya bakteria na haya madoa ni kijidudu kingine. Na swali la mwisho hujajibu.

NyarMilimani
Tenki liko sawa, ni safi, filta inafanya kazi.

FundiTenki
Sijauliza usafi. Nimeuliza kuna nani.

NyarMilimani
Sawa. Kuna fulu wawili, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Niliwanunua Dunga mwezi uliopita kwa vijana wanaovua na ndoano. Kabla mnikaripie nielezeni kosa liko wapi, wale hawana doa hata moja, na niliwaweka kwa ndoo masaa mawili kabla ya kuwaingiza. Baba alikuwa anatuhadithia venye walikuwa wanavua fulu wakiwa watoto wanachoma hapo hapo kwa mawe, nikaona samaki wake akae na samaki wa utoto wake. Dada yangu alinikataza nikamwambia anyamaze. Anyway nishaamua, Jumamosi nawarudisha ziwani, boda nimeshamwambia, kwa hivyo tuongee goldfish tu.

FundiTenki
Pole, najua ulifanya kwa mapenzi. Lakini uliyepaswa kumtenga ni mgeni, wiki nne hivi kwa maji yake na neti yake, kabla hajamgusa mwenyeji. Kijidudu cha madoa meupe kinaweza kujificha kwa matamvua, fulu anaonekana mzima na amebeba. Kikishiba kinaanguka chini ya tenki, kinajifungia kwa kifuko, kinagawanyika kuwa mamia, halafu wale wadogo wanatoka wakiogelea kutafuta samaki. Dawa inawaua hapo tu wanapoogelea, aliye ndani ya ngozi haimfikii. Kwa joto la Kisumu mzunguko wote hauishi wiki. Ndio maana madoa "yaliisha" siku ya tatu: yalikuwa yameanguka. Ukamrudisha kwa tenki lililojaa watoto wao.

Fanya hivi. Wote watatu watoke, goldfish beseni yake, fulu yao. Tenki likae bila samaki wiki mbili filta ikizunguka, wale wadogo wakikosa samaki siku mbili hivi wanakufa. Dawa ya bluu usitie kwa tenki, inaua bakteria wazuri wa filta. Kwa beseni, maji mapya, achana na bluu, weka chumvi isiyo na vikorokoro gramu 2 kwa lita, yaani gramu 40 kwa lita 20, iyeyushe kwanza na uigawanye siku mbili. Ukibadilisha maji rudisha chumvi ya yale maji uliyotoa tu. Pampu isizimwe. Na usiache siku madoa yanapoisha, ongeza siku kumi.

Ziwani usiwarudishe. Nakuomba.

NyarMilimani
Si wametoka huko huko?

FundiTenki
Wametoka huko lakini wamekaa maji moja na goldfish wa dukani, hujui wamechukua nini kwake. Mbuta naye, yule samaki mkubwa anayekula wenzake, alitiwa ziwani miaka ya 1950 na watu waliodhani wanasaidia, fulu wakaliwa mamia ya aina.

MsomaKimya
Mimi nimesoma tu mpaka hapa nikachoka. Huu uzi umetungwa. Moja, goldfish haishi miaka 9. Mbili, fulu waliisha, mbuta aliwamaliza, hata Fundi amesema, sasa huyo kijana wa Dunga alimuuzia nini? Tatu, kwanza "peke yake", kumbe fulu wawili. Kesho kutakuwa na namba ya kutuma mchango.

MamaMinji_Nakuru
Eh. Hata mimi hiyo ya fulu ilinishtua.

JangoUsoma
Fulu hawajaisha. Aina nyingi zilipotea ndio, lakini za mawe zilibaki, na mbuta alipopungua kwa kuvuliwa sana zingine zikarudi. Baba yangu ni mvuvi, kwa neti ya omena wanatoka kila wiki, watoto wanawanasa na ndoano kando ya mafunjo. Usitukane mtu ukiwa mbali na maji.

FundiTenki
Na miaka 9 si ajabu. Uingereza kulikuwa na goldfish anaitwa Tish, walimpata kama zawadi kwa maonyesho 1956 akafa 1999. Miaka 43.

NyarMilimani
Sijaomba mtu shilingi. Sikutaja fulu kwa sababu niliona aibu, nilijua mtasema ni mimi nimemuua samaki wa baba. Picha hiyo hapo, beseni ya kijani, hiyo saa iliyo kando ni ya baba, mshale wa sekunde umesimama tangu Novemba sijaweka betri.

MsomaKimya
Nimeona. Nisamehe dada. Pole kwa mzee.

NyarMilimani
Wadau leo ni siku ya tisa. Fulu mmoja alikufa Jumatatu, nimemzika chini ya mwembe. Boda nilimwambia safari hakuna. Goldfish madoa yameanguka siku ya nne, yakarudi mawili siku ya sita, saa hii sioni hata moja lakini chumvi sijatoa. Asubuhi nimekaa na chai yangu kando ya beseni, akapanda juu akafungua mdomo venye alikuwa anamfanyia baba. Nimempa nusu ya minji. Amemeza, ametema, amemeza tena.

MamaMinji_Nakuru
Nimelia hapa dukani.

FundiTenki
Vizuri sana. Siku kumi unaanza kuhesabu leo. Huyo fulu aliyebaki mfanyie vivyo hivyo. Na hayo maji unayotoa usimwage kwa mtaro, mtaro wa Milimani unaishia ziwani. Mwaga kwa mchanga mkavu mbali na mwembe, chumvi hautaipenda.