Ukoo wa Walukuba 🍇

*Shangazi Rehema* 06:12
Asalaam aleikum wote. Mafundi wanaingia Jumatatu kuvunja ule ukuta. Mzabibu wa baba utakwenda nao. Nataka vipando kabla. Nani yuko Jinja?

*Shangazi Rehema* 07:40
Nawaona mmesoma.

*Hamisi* 07:58
Waaleikum salaam. Nimesoma kwa niaba ya wengine 😂

*Shangazi Rehema* 08:01
Hamisi, si uko hapohapo? Tafuta matawi yaliyokomaa, yale ya kahawia, achana na ya kijani. Unene wa penseli. Kila kimoja macho (vile vifundo vinavyochipua) matatu au manne. Chini kata sawa, karibu na jicho. Juu kata mshazari, nisije nikapanda kichwa chini.

*Hamisi* 08:03
Kama mihogo ya mjomba 🤣

*Zaituni* 08:04
😂😂😂 wacha bwana

*Shangazi Rehema* 08:06
Majani toa yote. Huku kwetu mzabibu haulali na kupukutika kama wa Ulaya. Funga kwa gazeti lenye unyevu, lisichuruzike, halafu kaveera, mfuko wa plastiki. Weka kwenye friji, SIO kwenye barafu. Vije huku Kabale kwa basi la Jumamosi.

*Zaituni* 08:20
Shangazi, na baridi ya Kabale Julai hii vitaota kweli?

*Shangazi Rehema* 08:22
Baridi ya juu haina neno, shida ni chini. Kitako kikipata joto mizizi inatangulia. Vikopo nitaviweka juu ya friji, kule nyuma kunakotoka joto. Na tafadhali mtu asishangilie majani! Jicho linachipua kwa akiba ya kijiti chenyewe, huku chini hakuna hata uzi. Zaituni unanisikia? Hakuna kung'oa kuchungulia.

*Zaituni* 08:23
Mara moja tu jamani 😭

*Mama Sauda* 13:47
Samahani nimechelewa. Ukuta si ndio huo Karimu alisema hautaguswa? Na lile tawi la upande wa choo lilikatwa na nani? Nauliza tu.

*Karimu* 13:52
Ujumbe huu umefutwa

*Hamisi* 13:53
Ngoja nilete njugu 🥜

*Shangazi Rehema* 13:55
Sauda, leo ni vipando.

*Mama Sauda* 13:56
Nimeuliza tu.

*Simu ya Bibi* 16:30
Ni mimi Shafiki, Bibi anasema niandike. Mzabibu ule tuliumwagilia mimi na marehemu maji ya kuoshea mchele. Karimu aukate kwa mkono wake. Kila nyumba ipate. Amemaliza.

*Zaituni* 16:41
🙏

*Shangazi Rehema* 16:45
Sawa mama.

*Karimu* 21:55
Nimeona. Niko Gulu mpaka Ijumaa, huenda Jumamosi.

*Shangazi Rehema* 21:56
Basi linaondoka Jumamosi alfajiri.

*Shangazi Rehema* 22:20
Karimu?

*Hamisi* 22:31
Kisu ninacho. Ila Bibi amesema Karimu.

*Mama Sauda* 23:04
Hilo kaveera litobolewe au lisitobolewe?