Naomba ushauri: sayansi ya utambuzi au kompyuta tu?

Jamani habari zenu, niko Kampala nimemaliza S6 (kidato cha sita) na hesabu na fizikia, sasa moyo umeangukia hii sayansi ya utambuzi, yaani unasoma akili inavyofanya kazi, saikolojia, isimu, falsafa, kompyuta na ubongo vyote kwa digrii moja. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha California, San Diego kule Marekani wana idara yake tangu 1986. Hapa Makerere naona saikolojia iko kivyake, kompyuta kivyake. Mzee anauliza kazi gani nitapata na sina jibu, tena ada analipa yeye 😅. Nichukue kompyuta halafu hiyo niifanye masters, ama nianze na saikolojia? Na programing nitajifunza wapi? Aliyepitia naomba anisaidie