Mjadala: Je, rejimenti za vifaru za upelelezi zilipeleleza kweli huko Normandy?

Mchangiaji aliyetangulia ameshikilia kwamba rejimenti ya vifaru ya upelelezi iliyokuwamo katika kila divisheni ya vifaru ya Uingereza mwaka 1944, wakati wa mapigano ya Normandy huko Ufaransa katika Vita vya Pili vya Dunia, ndiyo iliyokuwa jicho la jemadari, na ametoa mfano wa daraja la mto Souleuvre lililotekwa tarehe 31 Julai. Mfano naukubali, ila kwa maoni yangu unamgeukia mwenyewe.

Aliyeligundua daraja lile hakuwa mtu wa vifaru. Alikuwa Luteni Powle wa 2nd Household Cavalry, rejimenti ya magari ya deraya (magari mepesi ya magurudumu yenye kinga ya chuma) iliyokuwa ikifanya kazi na Divisheni ya 11 ya vifaru ya Uingereza. Alipenya msitu wa L'Évêque akiwa na magari mawili tu, akafika kilomita kadhaa nyuma ya Wajerumani, akalikuta daraja halina ulinzi wa maana, kisha akapeleka habari kwa redio. Wengi husema ilikuwa bahati, kwa sababu mpaka wa vikosi viwili vya Wajerumani ulipita karibu na hapo na pakabaki pengo. Sikatai, lakini pengo lile lingebaki bila faida kama asingetumwa mtu wa kujipenyeza.

Rejimenti ya vifaru ya divisheni hiyo iliyobeba jina la upelelezi, 2nd Northamptonshire Yeomanry, iliingia baada ya habari kupatikana: vifaru vyake vichache aina ya Cromwell vilikimbizwa kulishikilia daraja. Hiyo ilikuwa kazi ya lazima, maana magari ya deraya yenye mizinga ya milimita 40 yasingestahimili shambulio la kweli, lakini ni kazi ambayo kifaru chochote kingeifanya. Chombo cha tani 28 hakinyemelei mtu! Jemadari Roberts, kamanda wa Divisheni ya 11, mwenyewe aliitumia rejimenti hiyo kama rejimenti yake ya ziada ya vifaru, nayo ikapata hasara kubwa hadi ikaondolewa mwezi Agosti na nafasi yake kuchukuliwa na 15th/19th Hussars.

Wapo watakaosema kwamba vitani habari hutafutwa kwa kupigana, na hoja hiyo ina uzito: tathmini ya jeshi la Marekani baada ya vita ilikuta kwamba upelelezi mtupu ulikuwa takriban asilimia 3 tu ya kazi za vikosi vyake vya upelelezi wa magari barani Ulaya. Hata hivyo, mchangiaji atutajie siku moja huko Normandy ambapo vifaru vya Cromwell ndivyo vilivyotangulia kuleta habari, badala ya kuifuata.